Kilo Thelathini na Nane za Zege

Jumamosi asubuhi mjini Bordj, benchi la nje ya mgahawa wa Zoubir lilikuwa limeshapata wenyewe, na Lakhdar alikaa ncha ya mwisho kama aliyefiwa. Kiwandani kwao wanatengeneza mashine za kufulia nguo. Mwaka wa nane huu serikali imezizuia bandarini mashine za nje, ili kiwanda kichanga kikue bila kukanyagwa na wakubwa. Sharti lilikuwa moja: nusu ya uzito wa kila mashine itoke humu humu Aljeria. Kesho Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku, mkaguzi anakuja na mizani. Nusu isipofika, bandari inafunguliwa, na Lakhdar na watoto wake watano watajua pa kwenda wenyewe. Yeye kazi yake ni kumimina zege, lile bonge linalofungwa ndani ya mashine ili isirukeruke inapozunguka, na ndiyo maana benchini wanamwita Zege.

— Zege, kunywa kahawa bwana, hujahukumiwa bado, alisema Waziri. Jina lake hasa ni Messaoud. Uwaziri aliupata kwa kugonga mihuri forodhani miaka thelathini.

— Usingizi sikupata, ami. Mwaka wa kwanza bonge lilikuwa kilo kumi na nane. Leo ni thelathini na nane, ili uzito wa humu nchini upande, na nusu bado hatuna hakika nayo.

— Ongezeni! Bandu bandu huisha gogo.

— Hiyo ni ya kupunguza, ami, alidakia Redio, kinyozi wa jirani, ambaye hajawahi kunyamaza tangu kuzaliwa.

— Gogo ni gogo. Usinifundishe methali wewe, ndevu zenyewe unanyoa upande.

— Haya. Lakini mimi nawaambia uzito si hoja. Mashine za Wazungu zinatusikiliza! Mnadhani zinanguruma bure? Zinapeleka habari.

— Habari za nini, za soksi zako?

— Soksi za raia ni siri ya taifa!

Lakhdar alicheka bila kutaka. Waziri alipoona watu wanacheka kwa mwenzake, akapanda juu zaidi.

— Dawa ni kufunga kila kitu. Mashine, sindano, vitana. Hata mawingu ya kutoka Hispania yalipe ushuru kabla ya kuvuka mlima. Kiwanda ni mtoto, anyonye mpaka ashibe. Haraka haraka haina baraka.

— Mtoto ana miaka minane, ami, meno yote anayo! Anamng'ata mamaye.

— Mama yupi?

— Sisi tunaonunua! Mashine ya dada yangu ilibebwa na wanaume wanne hadi ghorofa ya tano. Kuitua tu, kigae kikapasuka.

— Lakini ilitembea? aliuliza Lakhdar kwa ukali. Ilipozunguka, ilihama hata kidole?

— Haikuhama, Zege. Haki yako nakupa. Hata kuisogeza kufagia chini yake hawawezi.

Lakhdar akajisikia vizuri kidogo. Analipenda bonge lake, na haoni aibu kusema hivyo.

Hapo ndipo Mokrane, aliyehamia kutoka Bejaia wiki mbili zilizopita na kufungua karakana ng'ambo ya barabara, akaweka glasi yake chini. Kazi yake ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua.

— Samahanini wakubwa, naomba kuuliza. Mota ya hiyo mashine inatoka wapi?

— Nje, alisema Lakhdar. Inakuja kwenye boksi, tayari.

— Na nani pale kiwandani amewahi kuifungua?

— Tumekatazwa. Sisi tunafunga skrubu nne tu.

— Na zege, kaka Lakhdar, ulijifunzia kiwandani?

Redio alimtazama Waziri. Waziri alilitazama sinia la kahawa. Kumimina zege Lakhdar alifundishwa na marehemu baba yake akiwa na miaka kumi na mitatu, walipojenga ukuta wa nyumba ya shangazi. Kiwanda kilimkuta anajua. Kwa miaka minane, kitu kipya alichojifunza ni kuongeza kilo. Ilimuuma, tena sana, kwa kuwa hakuna aliyemtukana; ilikuwa kweli tupu.

— Hajakujibu kwa sababu swali lako halina adabu, alisema Waziri, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Lakhdar alikuwa ameshasimama.

— Mokrane, ndugu yangu. Ndani ya mota mna nini?

— Waya tu, na akili kidogo. Ninayo moja mezani, iko wazi.

— Zege, kahawa yako! Na mkaguzi wa kesho je? alipiga kelele Redio.

— Atanikuta.

Lakhdar, mtu wa miaka arobaini na tisa, akavuka barabara nyuma ya fundi huku akikunja mikono ya shati.