Hatua ya Tatu Haikuwa Densi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake na marehemu, familia imemteua mtoto wa dada yake asome historia hii, na wakubwa wamemwomba aisome kwa upole, naye amekubali yote mawili, la kwanza kwa heshima, la pili kwa kadiri atakavyoweza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kung'uta, alizaliwa tarehe 14 Juni 1971, mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake akiwa mpiga chapa na mama yake mshona sare za shule. Alianza darasa la kwanza Januari 1979, akamaliza la saba Novemba 1985, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, akakatizwa mwaka 1987 baba alipopooza, na dada yake anakumbuka kwamba siku ya kurudisha vitabu vya shule alivikung'uta vumbi kimoja kimoja kabla ya kuvikabidhi, kwa hiyo jina lilikuwa likimsubiri tangu zamani.

Tarehe 3 Machi 1994 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kule chini, chumba cha mashine nane na dirisha moja, na huko ndiko alikokutana na fundi bomba wa hospitali hiyo hiyo, aliyeitwa kuziba bomba moja ambalo lilivuja tena mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na wenzake wanaapa hadi leo kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akililegeza. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1996, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1997 ambaye sasa ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa mwaka 2001 ambaye ni fundi majokofu.

Desemba 1998 mfanyakazi mwenzake alichomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka chafu la wodini, akaishi miezi sita ya vipimo na hofu, na kuanzia hapo marehemu akabuni utaratibu wake, kwamba kabla shuka halijaingia kwenye mashine watu wawili walishike pembe, warudi nyuma hatua moja, walikung'ute mara mbili, kisha wasimame kimya kabisa masikio yakielekea sakafuni, kwa sababu chuma kikianguka kwenye saruji husema chenyewe. Ili wageni wasisahau aliutia wimbo, maneno matatu tu, "Kung'uta, kung'uta, sikiliza," na kwa zaidi ya miaka ishirini na mitatu hakuna mtu aliyechomwa tena katika chumba kile, na hakuna aliyempa hata cheti cha karatasi kwa hilo.

Tarehe 9 Februari 2022 walifika watu wa yule mwimbaji mnayemjua, wakiwa na taa na kamera, wakipenda mashuka meupe na safu ya mashine, na mwalimu wake wa densi akamkuta marehemu kazini, akamwomba arudie kukung'uta ili amrekodi kwa simu. Alirudia mara saba chini ya taa kali, mwanamke wa miaka hamsini, na kuanzia mara ya nne kila alipofika penye kusikiliza aliinama kidogo, akajigonga kifua kwa ngumi mara mbili. Wenzake waliokuwapo wanasema yule mwalimu alifurahi kama aliyeokota dhahabu, akamwambia, "Hapo hapo mama, nirudishie hapo kwenye kifua," naye akacheka akajibu, "Hiyo si kazi, mwanangu, hiyo ni pumzi imegoma," na wote wakacheka, maana alikuwa mtu wa utani, na utani una ubaya wake, humfunika mgonjwa kama shuka safi.

Wimbo ulitoka tarehe 22 Aprili 2022, jina lake "Kung'uta", na katika video yake marehemu anaonekana kwa sekunde nne, mikono miwili na shuka, uso umekatwa. Mwimbaji alihojiwa akasema hatua zile zilimjia usingizini, na ile ya tatu, ya kugonga kifua, ni mapigo ya moyo wenye mapenzi. Tuulizane basi, kwa nini walihitaji taa na kamera kwenda kuchukua ndoto kwenye chumba cha kufulia? Na neno "sikiliza" nalo wakaligeuza kuwa "sikilizia", ambalo vijana mnajua vijiweni lina maana gani, na wazee msiojua msiulize leo.

Marehemu hakutaka jina lake lipambwe popote. Alitaka kitu kimoja, neno lake lirudishwe, kwa sababu wafanyakazi wapya walianza kushuka kule chini wakiimba la kwenye redio, wakikung'uta kwa mbwembwe na kucheka mahali pa kunyamaza, na Novemba 2022 binti mmoja wa miaka ishirini akachomwa sindano katikati ya densi. Siku ile marehemu alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Wameniibia masikio." Barua ikaandikwa kwa mwimbaji, na jibu lilikuja mstari mmoja, kwamba mtindo wa kucheza hauna mwenyewe.

Lakini hasira hii haina haki ya kuishia kwa mwimbaji. Tuliucheza sote, harusini, kwenye mahafali, na huyu anayewasomea aliucheza chumbani kwake chuoni, akajirekodi, akamtumia mama yake mdogo, akajibiwa kwa ujumbe wa sauti, "Umecheza vizuri, mama, ila hapo kwenye kifua usiweke, hapo nilikuwa naumwa." Msomaji wenu huyu huyu, bingwa wa midahalo anayesifiwa kwa kudaka kila neno la mpinzani, alimjibu kwa vikatuni vitatu vya kicheko.

Mwaka uliofuata miguu ilianza kumvimba, akawa analala ameketi, na Agosti 2023 ikagundulika kwamba vali ya moyo ilikuwa imechoka muda mrefu. Binti yake alimwonyesha daktari ile video ya simu, ambayo mwalimu wa densi alikuwa amemwachia marehemu nakala yake, daktari akaisimamisha penye ngumi, akasema taratibu, "Hapa alikuwa anaomba msaada." Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Januari 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, wodi namba sita, juu ya shuka lililotoka katika chumba chake mwenyewe cha kufulia, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Familia inamshukuru daktari wa moyo, aliyetazama na kuona, wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliopokezana kumpikia mumewe, na wenzake wa chumba cha kufulia waliomshikia zamu miezi mitano bila kuombwa. Kwa walioleta shada la maua lenye utepe ulioandikwa "Uliipenda densi", pamoja na spika, na ombi la kupiga wimbo na kurekodi jeneza likitoka, jibu letu nalo ni mstari mmoja, kwamba msiba huu una mwenyewe, na spika zitabaki garini.

Jeneza litabebwa na wenzake wa kule chini. Likipita mbele yako, usigonge kifua, hata kwa huzuni. Watarudi nyuma hatua moja, watasimama, nasi sote tutanyamaza kama alivyotufundisha, masikio chini, tusikie kama kuna chenye ncha tulichokipitisha bila kujua.

Pumzika kwa amani, mama mdogo. Sasa tunasikiliza.