Marahaba ya Mkasi: Mwalimu Sesilia Maige Anastaafu

Mwalimu Sesilia Maige anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na saba ya ualimu. Nusu ya kwanza aliimalizia kwenye chaki, shule ya msingi huko Tinde. Nusu ya pili ameimalizia kwenye cherehani, hapa chuoni kwetu Geita. Mhariri wa jarida ameniomba mimi, Shamimu wa Mapishi, niandike habari zake kwa sababu karakana yake na jiko langu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Nahisi pia ni kwa sababu mdomo wangu haupoi, na yeye, kama wengi mnavyojua, sauti hana.

Wageni niwaeleze. Sauti alikuwa nayo, tena ya kutosha mtaa mzima. Tinde alifundisha darasa la kwanza, watoto wamebanana kama dagaa kwenye gunia, chini ya bati ambalo mvua ikinyesha husikii hata mawazo yako. Mwalimu alishindana na mvua ile. Alipaza irabu, watoto wakaitikia, na anasema hata abiria waliokuwa wakisubiri magari barabarani walikuwa wakiitikia nao. Akajivunia sana. Kisha koo likaanza kukwaruza, sauti ikawa inakatika katikati ya somo, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kupiga kelele hata mnong'ono uliobaki utaondoka. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Mwingine angeomba apewe kazi ya ofisini. Yeye aliomba likizo bila malipo, akapanda basi mpaka hapa, akajiandikisha kusomea ushonaji. Hebu fikiria! Mwalimu mzima yuko benchi moja na mabinti, wengine aliwafundisha yeye mwenyewe kusoma, anahangaika kutunga uzi kwenye sindano, na mwanafunzi wake wa zamani anamcheka kwa adabu, kiganja mdomoni. Kola moja aliirudia mpaka kitambaa kikachakaa. Mwalimu aliyewafundisha alikuwa msemaji hodari, na kila alipouliza kama wameelewa, darasa zima liliitikia ndiyo, Sesilia akiwemo, na hakuna aliyekuwa ameelewa kitu. Hapo akawakumbuka watoto wake wa Tinde. Siku aliyonisimulia alinivuta karibu kabisa ili nimsikie: "Shamimu, kumbe mimi nilikuwa nawafundisha kuitikia." Lilimuuma jambo hilo, na mimi naona linamuuma mpaka leo.

Alipoajiriwa hapa akaja na mtindo wake. Anashona mshono mmoja taratibu, anaufumua mbele yako, anakukabidhi kitambaa, halafu anangoja. Ukikosea anakuacha uendelee kukosea. Ukimtazama usoni ukitafuta jibu, anaangalia dirishani. Kuna bosi mmoja, alishahama siku nyingi, aliyewahi kulalamika kwamba idara ya ushonaji ina mwalimu anayetazama mawingu. Angekuja aone kazi za wanafunzi wenyewe angefunga mdomo wake.

Mfano ni Meshack. Huyu alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa maduara ya dhahabu, akaacha baada ya udongo kumfunika mpaka kifuani na wenzake kumvuta. Vidole vyake vinene kama mihogo. Ovaroli yake ya kwanza aliishona miguu yote miwili ikiwa imezibwa chini. Mwalimu aliona tangu mwanzo, akanyamaza. Meshack akaivaa mbele ya darasa kwa mbwembwe, akasukuma mguu, mguu haukutokea upande wa pili. Karakana nzima hoi kwa kicheko, na Mwalimu naye akacheka kile kicheko chake cha pumzi tupu mpaka machozi. Leo Meshack ana duka Geita mjini, na wachimbaji wenzake ndio wateja wake wakubwa.

Kwa vile mnong'ono hauwezi kupita kelele za cherehani, marahaba yake ilikuwa ya mkasi. Ukimwamkia, anagonga mkasi mezani mara mbili, ko ko, umeitikiwa. Sasa akaja Mageni, binti aliyelelewa kijijini kwa malezi yenyewe hasa. Siku ya kwanza akapiga goti, akaamkia. Mkasi ukagonga. Mageni, ambaye hakusikia marahaba, akabaki chini. Akaamkia tena, mkasi ukagonga tena. Binti akajua amefanya kosa kubwa, akainamisha na kichwa kabisa. Mwalimu akaona hapa hakuna njia, akainuka kwenye kiti akaenda kupiga goti mbele ya Mageni, wakawa wanatazamana wote wawili sakafuni, mpaka mimi nilipoingia na mwiko mkononi nikauliza kuna msiba gani. Jamani, siku ile!

Lakini nisiwachekeshe tu, maana sivyo ninavyojisikia. Huku kwetu karibu kila mwanamke ni Mama Fulani. Mwalimu Sesilia na mumewe, marehemu Leodgar wa Ushirombo, hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo yeye amebaki kuwa Mwalimu, jina ndilo hilo moja. Kwenye kantini watu wakimuuliza jambo, kabla hajavuta pumzi ya kujibu wameshageukia mwingine. Mara nyingi, wanafunzi wakishatoka, nimemkuta peke yake anapaka mafuta cherehani ambazo hazikuhitaji mafuta.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kupeleka cherehani yake Tinde, kwenye nyumba waliyojenga na mumewe, ambako ndiko anakwenda kuishi. Nilikuwa uani nikiosha vyombo vilivyojaa vumbi, nikasikia mtu anapiga hodi mlango wa mbele. Hodi ya kwanza. Mwalimu alikuwa chumbani, akaitikia karibu, na karibu yake haikufika hata sebuleni. Hodi ya pili. Akaanza kuinuka, na magoti yake mnayajua. Hodi ya tatu. Alipoufungua mlango, mgeni alikuwa ameshaondoka zake kama mtu yeyote mwenye adabu anavyofanya akiona kimya. Alikuwa jirani, Mama Blessing, anavuka barabara kurudi kwake na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, imefunikwa kitambaa.

Mwalimu akasimama kizingitini anamtazama mgongo. Hakupunga hata mkono. Mimi nikatoka mbio na povu mikononi nikaita, Mama Blessing weee, rudi! Akarudi, akashangaa sana. Akasema kila likizo amekuwa akija, anapiga hodi, anaona kimya, na mtaa mzima walishaamua kwamba Mwalimu hapendi watu. Tuliketi tukala matobolwa yale kwa chai. Mama Blessing alipoaga, Mwalimu alininong'oneza maneno ambayo sikuyapata yote, lakini haya niliyapata: chuoni wanafunzi humngoja kwa sababu ni lazima, huku nani atamngoja? Nilimshika mkono tukakaa hivyo.

Kabla ya kuondoka nilipita nyumba kwa nyumba pale mtaani nikieleza kwamba kwa Mwalimu ukisikia ko ko umekaribishwa, na usiposikia kitu, vuta subira. Wengine waliniitikia vizuri sana, ndiyo mama, tumeelewa. Na nyinyi mnajua sasa Mwalimu alivyonifundisha kuhusu watu wanaoitikia haraka. Ndiyo maana sijatulia.

Hapa chuoni nina desturi: nikiwasha jiko asubuhi namwamkia kwa sauti kupitia ukutani, shikamoo Mwalimu, na ukuta unanijibu kwa mkasi. Julai nitaamkia ukuta mtupu. Nimeshajiambia nitaacha, lakini najijua.

Mwalimu Sesilia, chuo kinakushukuru kwa mafundi uliotuachia mjini, Nkome na kwingineko, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuanza upya umri ukiwa umeshasogea na wadogo wakimcheka. Idara ya Mapishi inakushukuru kwa aproni zote. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mtaa wenye masikio. Agosti, likizo ikianza, tutakuja Tinde, mimi, Meshack na Mageni. Tutapiga hodi. Tusiposikia kitu usikimbilie mlango na magoti yako hayo. Tutangoja.