Kumuaga Bi. Lavonne, Mlinzi wa Kiota

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Ostrander, Mkurugenzi wa Michezo wa chuo, ambaye nakushukuru kwa kuja ingawa ulijua tutakusema, Mchungaji Pohlman, wazee wa ghala la nafaka, mliokaa karibu na sufuria la maharage na nyama kana kwamba litatoroka, ndugu wageni waalikwa, mashabiki wenzangu wa Korongo, timu ya kikapu ya chuo chetu, mabibi na mabwana, na wewe uliyetukusanya mchana huu wa Jumapili katika ukumbi wa zimamoto, Bi. Lavonne Kucera: hamjambo nyote.

Naitwa Gaylen Hruska. Natengeneza mitambo ya kumwagilia mahindi, na nimekalia kiti kilekile katika uwanja wa kikapu wa chuo chetu kwa miaka thelathini na minne. Kamati iliniomba niseme sifa za dakika kumi. Nimeziandika, nitazisoma, na zote ni za kweli. Baada ya sifa kuna jambo ambalo kamati haikuniomba, na kama mtaona natoka jasho wakati nje kuna theluji, sababu ni hilo.

Kwa nyinyi mlioajiriwa chuoni juzijuzi, nianze na historia. Miaka ishirini na minne iliyopita, Bi. Lavonne alikuwa akipima malori kwenye mizani ya ghala, na jioni moja ya uvivu akafungua ukumbi mtandaoni kwa ajili ya mashabiki wa Korongo, akauita Kiota. Tulijadili nini humo? Kijana gani wa sekondari aletwe chuoni, kocha gani afukuzwe, nani ana miche ya nyanya, nani ana trela la kuazima. Kila mtu alikuwa na jina la utani, na kila mtu alijua jina hilo ni la nani. Mimi nilikuwa Safu ya Nne. Mchungaji alikuwa Kiboko ya Waamuzi, na samahani, Mchungaji, hata mkeo alikuwa anajua.

Kiota kilikuwa na sheria moja tu, aliyoiandika Bi. Lavonne mwenyewe: usimwandike mchezaji neno ambalo usingemwambia mama yake mkiwa kwenye foleni ya dukani. Na asubuhi baada ya kila mechi tuliyofungwa, wakati sisi tunakoroma na hasira zetu, yeye alikuwa ameshakaa na kahawa, anasoma kila tulichoandika. Kilichovunja sheria alikifuta, kabla vijana hawajaamka, kabla mama zao hawajashika simu. Lakini hakuishia kufuta. Alikupigia.

“Gaylen.”

“Bi. Lavonne! Habari za asubuhi.”

“Habari mbaya. Nimefuta yale maneno yako. Ulikuwa umelewa, au ndivyo ulivyo?”

“Hasira tu, mama. Si uliona pasi ile?”

“Niliona. Mtoto ana miaka kumi na tisa. Wewe una mingapi?”

“Arobaini na mitano.”

“Basi kapige mswaki, urudi kulala. Na Jumamosi ukimwona, mpigie makofi. Nitakuwa nakuangalia.”

Simu hiyo tuliiita kengele. Ukimkuta mtu duka la vipuri anaangalia chini, unajua kapigiwa kengele. Wangapi humu mmepigiwa kengele na mama huyu? Inueni mikono, msione haya. Meya, naona unajikuna kichwa. Mkono huo nauhesabu. Tazameni ukumbi huu! Na ni mchezaji gani, katika miaka yote hiyo, aliyewahi kujua alilindwa? Hakuna hata mmoja, kwa sababu kazi ikifanywa vizuri namna hiyo haionekani. Bi. Lavonne, hukupata mshahara, hukupata tiketi ya bure, hukupata hata fulana. Leo tunakuaga, tena kwa kuchelewa, na umepewa saa ya ukutani. Tusamehe.

Kisha mambo yakageuka, tena yote kwa pamoja. Tulizoea kumpokea kijana akiwa na miaka kumi na minane, mwembamba, anaogopa hata kuagiza chakula, na kumuaga baada ya miaka minne akiwa na ndevu na mchumba. Siku hizi msimu ukiisha linafunguliwa lango la uhamisho, na kila mchezaji yuko huru kuhamia chuo kinachomlipa zaidi. Mwezi Machi wapo kumi na watatu, mwezi Mei wamebaki wawili. Msimu uliopita nilijifunza majina kumi na moja mapya, na msimu huu kumi. Simlaumu kijana anayelipwa kwa jasho lake. Makocha wamelipwa miaka yote na hatukuwahi kuwaita wasaliti. Ninachouliza ni hiki: utampendaje mtu ambaye hujapewa muda wa kumjua? Na ni rahisi kiasi gani kumtukana? Redio yetu ilinyang'anywa matangazo ya mechi, yakapelekwa kwenye huduma ya kulipia, na sasa wazee kule nyumba ya wazee wanasubiri Jumatatu mtu awapelekee matokeo. Majirani zetu wa maili arobaini, tuliotaniana nao tangu enzi za babu zangu, hatuchezi nao tena, maana chuo kimehamishiwa ligi nyingine. Tunasafiri kwa ndege mbili kwenda kucheza na watu wasiojua Nebraska iko wapi.

Halafu kampuni iliyohifadhi Kiota ikauzwa. Bi. Lavonne alipata barua ya mistari minne ikimwambia kwamba huduma yake haihitajiki. Miaka ishirini na miwili ya mazungumzo yetu ikafutwa siku moja, pamoja na picha za harusi zetu na rambirambi za misiba yetu, tukaletewa programu mpya ya simu. Humo kila mtu alichagua jina jipya, na safari hii hakuna aliyejua jina ni la nani. Maneno yanayobonyezwa sana ndiyo yanayopandishwa juu, na mnajua wenyewe tunabonyeza nini tukifungwa.

Sifa zimeishia hapo. Sasa naomba utulivu.

Mnamfahamu Brennan Oltmans. Alikulia maili nane kutoka ukumbi huu, na ndiye kijana pekee wa kwetu aliyekuwa kwenye timu. Baba yake, Curt, tulimzika miaka mitatu iliyopita. Wengi wenu mlipeleka chakula msibani. Friji yao ilijaa mpaka wakaweka vyakula gereji. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaume sita waliobeba jeneza.

Februari mwaka jana, sekunde mbili zimebaki, tuko nyuma kwa pointi moja, Brennan akapewa mitupo miwili ya adhabu. Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili. Kabla watu hawajamaliza kutoka kwenye maegesho, mtu aliyejiita Korongo Halisi alikuwa ameshaandika. Mnayakumbuka maneno yale, na sitawalainishia. Aliandika: “Afadhali baba yake hayupo kuiona aibu hii.”

Watu mia tatu na kumi na wawili walibonyeza kwamba wameyapenda. Programu ikayapandisha juu kabisa, ikayatuma kwenye simu ya kila anayeifuata timu. Kesho yake mchana likaja jibu chini yake: “Mimi ni mama yake. Tumesoma wote wawili.”

Aprili, Brennan akapitia lango la uhamisho, na mji huu ukasema nini? Nilikuwapo, nilisikia. Kwa kinyozi walisema, “Kajiuza.” Kwenye mgahawa walisema, “Kafuata hela kama wenzake, hakuna cha utoto wa nyumbani siku hizi.” Na mimi nilitikisa kichwa pamoja nao. Je, kuna aliyejisumbua kuuliza kaenda wapi? Yuko chuo kidogo huko Montana, hakionyeshwi popote, hakimlipi senti, na baada ya mazoezi anapiga deki uwanja anaochezea ili apate ada.

Dada Renae Oltmans, mama yake, ndiye anayenipa dawa zangu za presha kila mwezi pale duka la dawa. Mwezi Oktoba nilikuwa mteja peke yangu. Nikajikaza, nikamuuliza.

“Brennan anaendeleaje?”

“Anacheza,” akasema. “Krismasi haji.”

“Watu wanasema alifuata pesa.”

“Najua wanachosema, Gaylen. Nakaa hapahapa.” Akafunga mfuko wangu, akaubandika karatasi. “Aliniambia, ‘Mama, aliyeandika yale anamjua baba. Labda alikula nyumbani kwetu. Labda alimbeba baba. Sijui ni yupi, kwa hiyo nikiwatazama pale kwenye viti, ni wote.’ Haya, meza kimoja asubuhi, usichanganye na balungi.”

Nikachukua mfuko wangu nikaondoka.

Korongo Halisi ni mimi.

Naomba msinizomee kwanza. Mtapata nafasi, siendi popote. Niliandika nikiwa kwenye gari langu, injini inaunguruma ili kiti kipate joto, na nilipomaliza nilicheka. Nataka mjue hilo. Nilicheka, nikaenda nyumbani, nikala mkate wa mdalasini, nikalala vizuri.

Na najua mnachotaka kusema, kwa sababu mwaka mzima nimekuwa nikijiambia hivyohivyo: ni ile kampuni, ni ile programu, Kiota kingekuwepo haya yasingetokea. Ningeishia hapo, mngenisikitikia, tukaenda kula. Lakini kuna kitu ambacho watu wawili tu humu ndani wanakijua.

Asubuhi ile simu yangu ililia. Nikatazama, nikaona jina: Bi. Lavonne.

Alikuwa amenitambua. Jina nilibadilisha, lakini alinisoma Kiotani miaka ishirini na miwili, anajua ninavyotukana. Hakuwa na uwezo tena wa kufuta neno la mtu. Walimfungia nje kama mgeni. Aliiandikia kampuni, akajibiwa na mashine ikimshukuru kwa maoni yake. Basi akatumia kile kidogo alichobaki nacho, akanipigia. Mimi ningeweza kufuta. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Renae na Brennan walikuwa bado hawajaamka. Kidole kimoja tu kingetosha.

Nikaiacha ilie. Ikakatika. Ikalia tena. Nikaigeuza kifudifudi mezani, nikaendelea na kahawa yangu. Alipiga mara nne.

Kwa hiyo msiniambie habari za teknolojia. Kengele ililia.

Bi. Lavonne, tangu siku ile hujaniuliza, na hujamwambia mtu. Nilidhani unanisitiri. Sasa naona ulikuwa unasubiri nipokee. Ulikuja kunisikiliza leo ukijua kabisa nani amepewa kipaza sauti, na ulipoletewa jina langu na kamati ulisema, “Sawa, acheni aseme.” Nimesema. Nimechelewa mwaka mzima, na mtoto hayupo.

Sioni jinsi ya kulirekebisha hili, na sitajifanya kuona. Kiota hakirudi. Bi. Lavonne ana miaka sabini na mitatu na macho yake yamechoka na sisi. Wiki ijayo mtaingia uwanjani, kutakuwa na vijana kumi msiowajua, mmoja wao atakosa mitupo, na asubuhi yake hakuna simu itakayolia popote katika mji huu. Nimetafuta neno la matumaini la kumalizia, kama inavyotakiwa katika sherehe, nikatafuta kweli, sikulipata.

Dada Renae, nakuona hapo karibu na mlango, na koti umeshalivaa. Nisubiri kidogo tu. Sikuombi msamaha hapa, maana mbele ya watu wote hawa ningekuwa nakulazimisha unipe. Nina ombi moja. Mpigie Brennan leo. Mwambie aliyeandika ni Gaylen Hruska, aliyeshika jeneza la baba yake upande wa kushoto, mbele. Mpe jina, ili akiwakumbuka wale wanaume wengine watano aweze kuwatoa lawamani, ili awe na mtu mmoja wa kumchukia na mji wa kurudi kuutembelea.

Nilitamani nimalizie hapo, niseme nilikuwa peke yangu. Siwezi. Mia tatu na kumi na wawili walibonyeza, na mji huu hauna mashabiki wengi kiasi hicho ambao hawamo katika ukumbi huu. Wanaume wale watano nawaona wote wamekaa mbele yangu. Wawili wananitazama. Watatu wanatazama meza.

Siwezi kuwasemea, Dada. Mwambie jina langu tu, hayo mengine sijui.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho.