Uso wa Efrazia Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka Mama Raheli wa Mnazi, mkusanyaji wa postikadi za zamani. Tumemzika Jumanne. Sina maneno matamu ya kuwapa. Nimetoka msibani na bado nina hasira.

Raheli alizaliwa Mgwashi, kule juu Bumbuli. Mama yake, Efrazia, alifariki Raheli akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakuujua uso wa mama yake, na picha yake haikuwepo. Likumbukeni hilo.

Mwaka wa Uhuru alikuwa mtandika vitanda katika nyumba ya wageni mjini Lushoto. Wageni wakiondoka waliacha postikadi mezani: milima ya Ulaya yenye theluji, malaika wa Krismasi, farasi waliovishwa kengele. Raheli aliziokota kwa kuwa zilikuwa nzuri, basi. Siku moja akaokota ya kwetu: mwanamke kabeba mkungu wa ndizi, nyuma yake soko la Bumbuli. Akampelekea shangazi yake Secilia, acheke naye kidogo. Shangazi akaketi chini.

"Huyu ni wifi yangu Efrazia," akasema. "Hilo kovu la kidevuni alilipata kwa jembe, na mimi nilikuwepo."

Mpiga picha hakuwa ameandika hata jina la Efrazia kwenye kadi.

Raheli akaolewa na Tobia, wakateremka Mnazi kulima. Ninyi mliolelewa Usambara mnaijua Krismasi yetu: ukuta unasiribwa upya, kisha unabandikwa picha, wageni waje washangae. Wengine hubandika kurasa za magazeti. Raheli alibandika postikadi zake, na katikati akamweka Efrazia. Alipika uji mzito wa muhogo, akaupaka nyuma ya kadi yote, kona hadi kona, upepo usije ukaing'oa. Kosa lake ndilo hilo. Watoto wa jirani wakiingia aliwafundisha kumwamkia shikamoo bibi wa ukutani.

Ukafika mwaka 1974, Operesheni Vijiji. Watu wahamie kijiji kipya, nyumba za zamani zibomolewe wasirudi. Tobia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Raheli alijaribu kuibandua kadi kwa maji ya moto, akaona inaanza kuchunika, akaacha. Akamwomba mumewe jambo moja tu: akikate kipande kile cha ukuta, udongo na yote, wakibebe kizima. Tobia akakubali. Narudia, wasikilizaji: Tobia alikubali.

Asubuhi Raheli alitangulia na watoto na mizigo. Watu wa operesheni wakafika, wakamtaka balozi aanze na nyumba yake, wengine waone mfano. Akaona haya kuwasimamisha kwa ajili ya picha. Akachukua sururu, akaanza mwenyewe, na kadi ikaenda na ukuta.

Nilimuuliza mzee Tobia msibani, baada ya kumpa shikamoo yake. Akanijibu, "Nilikuwa kiongozi, mwanangu. Wangeniona nabembeleza karatasi ya wakoloni."

Karatasi ya wakoloni! Na kijiji chenyewe kipya hakikuwa na maji. Baada ya misimu miwili watu walirudi mmoja mmoja kwenye mahame yao, na hakuna aliyewauliza.

Raheli hakugombana. Ila tangu siku ile hakumwita tena Baba Wema. Alimwita Ndugu Balozi, mezani, kanisani, hata ubalozi ulipomtoka. Na hapo ndipo akawa mkusanyaji kwelikweli. Kadi za namna ile huchapwa nyingi, kwa hiyo aliamini iko nyingine mahali. Kwa miaka kumi na mitano alipanda Lushoto, akabisha hodi madukani, kwenye nyumba za misheni, kwa wageni hotelini, akiulizia mwanamke mwenye mkungu. Walimpa theluji. Walimpa malaika. Alizipokea zote kwa adabu, akajaza makopo ya biskuti, hadi mwaka juzi maradhi ya miguu yalipomkataza mlima. Ile aliyoitaka hakuipata.

Siku ya mazishi familia iliambiwa ilete picha ya marehemu, iwekwe mbele ya jeneza. Wakamwaga makopo yote kitandani.

"Tulikuwa na picha za watu wa nchi zote," binti yake, Wema, aliniambia. "Ya mama hakuna. Hakuwahi kupigwa hata moja, na sisi wanawe hatukuwahi kuwaza."

Wema ana mtoto anayenyonya. Akikua atauliza bibi yake alikuwaje, na ataelezwa kwa maneno tu.

Pole sana, Wema. Poleni ndugu wa Mgwashi na wa Mnazi. Pole na wewe, mzee Tobia. Nasema kwa shida, lakini nasema. Mungu amlaze Mama Raheli mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mwenye mama nyumbani azime redio sasa hivi, aende akamtazame usoni.