Kampuni Yataka Kumkandikia Mjane Ukuta

Baraza letu la Likoni si letu. Ni la marehemu Mwidani, na tangu tumzike, yapata miezi mitatu, ni la mjane wake Bi Mwanasaumu, ambaye yumo ndani akikaa eda na nje hatoki. Lakini sisi tumezoea. Alipokuwa hai Mwidani tulikunywa kahawa hapa kila baada ya swala ya alasiri, na alipokufa tukaendelea, tukasema twamuenzi. Wiki ya pili ya msiba ukuta wa mbele ukamomonyoka, udongo wote chini, zikabaki fito tupu. Bi Mwanasaumu akaliziba pengo kwa jamvi, maana mwanamke wa eda haonwi na kila mpita njia. Sisi tukasogea kidogo tu, tukaendelea kumuenzi. Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, vuli iko mlangoni, na habari za uhuru zilikuwa zikizungumzwa mpaka na kuku.

Waliokuwapo siku hiyo nitawataja, wasije wakakana. Alikuwapo Rashid, ambaye twamwita Korti kwa kuwa aliwahi kuitwa shahidi mahakamani mara moja, mwaka wa arobaini na saba, na mpaka leo hajatoka humo. Alikuwapo Salem mwenye duka la vitambaa, twamwita Rediyo, kwa kuwa anayo moja dukani na anatujazia mwenyewe yale ambayo haikuyasema. Alikuwapo Obeid na dele lake la kahawa, anagonga vikombe. Na mimi. Kisha akaja Masha, mpakizi wa mizigo katika kampuni moja ya meli ng'ambo ya feri, ana karatasi mkononi.

Masha: Jamani, kampuni imetoa tangazo. Mfanyakazi anayependa, Jumamosi aende akajitolee mitaani. Kuchimba kisima, kupaka shule chokaa, lolote la kuwafaa watu. Na siku hiyo yahesabiwa yuko kazini.

Korti: Analipwa?

Masha: Kama kawaida.

Korti: Basi hiyo si kujitolea, yakhe. Huko ni kuhamishwa kazi.

Masha: Iite utakavyo. Mimi nimeandikisha nyumba hii. Watakuja watu kumi kumkandikia Bi Mwanasaumu ukuta wake.

Obeid akaacha kugonga vikombe.

Rediyo: Kumi? Bure?

Masha: Bure. Sharti ni moja tu, majirani nao washike udongo pamoja nao. Na karani anakuja leo hii kutazama. Akiona majirani hawana haja, hao watu kumi wanapelekwa Mtopanga, kuna chuo cha Kurani kimeezuliwa paa.

Mtu mwenye akili timamu angesema alhamdulillahi, akaenda kutafuta jembe. Sisi tuliomba kahawa nyingine.

Korti: Tusikimbilie. Kisheria, mtu akitia mkono wake katika ukuta wako, ukuta una mkono wake. Kesho mzungu mwenye kampuni atasimama mbele ya jaji, aseme, ule udongo wangu. Mtamjibu nini?

Obeid: Udongo si wa hapa hapa Likoni?

Korti: Udongo wa Likoni, mkono wa kampuni. Nimeyaona hayo kortini.

Obeid: Wewe kortini ulikwenda kwa kesi ya mbuzi.

Korti: Na mbuzi alipotea, au hakupotea?

Kutoka nyuma ya jamvi ikaja sauti, shwari kabisa.

Bi Mwanasaumu: Korti, hebu jiondoe hapo. Unaliegemea jamvi langu, litaanguka.

Korti: Naam, Bi Mwanasaumu. Niwie radhi.

Akasogea shubiri moja, akashusha sauti kidogo, kana kwamba jamvi huzuia maneno.

Rediyo: Mimi nawaambia ni uhuru huu. Mzungu anaona mambo yanageuka, ataka kuacha jina zuri. Atakandika Likoni, atakandika Kisauni, atakandika mpaka Utange, ili siku ya kupandisha bendera tuone haya kumfukuza.

Masha: Lakini watakaokuja si wazungu. Ni mimi na wenzangu wa ghalani.

Rediyo: Hapo ndipo ujanja ulipo! Na mbona waanze na nyumba hii? Jiulize. Hii yatazama wapi?

Obeid: Yatazama duka lako.

Rediyo: Nyuma ya duka langu!

Obeid: Choo chako.

Rediyo: Nyuma ya choo, bwana we! Bahari. Wataka kujenga bandari ya pili upande huu. Leo ukuta, kesho gati. Wallahi nimesikia.

Korti: Gati ni dogo hilo. Mimi nahofia nyaya. Ukuta mpya ni rahisi kutiwa nyaya ndani, kila tusemalo hapa barazani likafika ofisini kwa DC. Ataka kujua nani ataka mwambao ubaki kwa Sultani wa Unguja na nani ataka uingie Kenya.

Obeid: Na wewe wataka nini?

Korti: Siwezi kusema, huenda washazitia.

Nami sikubaki nyuma. Nilisema, na nilisema kwa kiapo, kwamba wazee wa zamani walikuwa wakificha rupia za fedha kutani, na kampuni ina mashine ya kuzinusa. Nikaona wenzangu wananitazama kwa heshima mpya. Rediyo akasema mjomba wake aliwahi kuiona mashine hiyo Mkomani, ina pua.

Masha alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, karatasi i juu ya goti, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mzaha tena.

Masha: Wazee wangu, mvua yaja. Nyumba hii fito zimeanza kuoza. Jamvi lile likilowa siku mbili, yule mama alale wapi? Na eda yake haijesha.

Korti: Eda! Ahsante kwa kunikumbusha. Yafaa vipi wanaume kumi wageni waje kwenye nyumba ya mwanamke aliye edani? Haifai hata kidogo.

Alisema hivyo, mgongo wake ukiwa dhiraa moja kutoka kwenye jamvi, na kikombe chake cha nne mkononi. Nilicheka, nikasingizia kahawa imenipalia.

Lazima niseme kitu kuhusu Mwidani, ndipo mtatuelewa. Zamani kazi hii haikuwa na karatasi. Mtu akisimamisha nyumba, siku ya kukandika twaitwa, mwenye nyumba apika, sisi twakanyaga udongo. Na kila mara wa kwanza kuingia matopeni alikuwa Mwidani. Hukunja shuka yake, huingia mpaka magotini, kisha husimama mle ndani akitutukana mmoja mmoja kwa majina ya baba zetu mpaka tunaingia kwa hasira. Nyumba yangu ilikandikwa kwa matusi yake. Ya Korti pia, na ya Obeid. Nilimpenda sana mtu yule.

Basi bado twabishana kuhusu pua ya mashine, akatokea msichana kutoka upande wa feri, amevaa viatu vya ofisini vilivyojaa mchanga, faili kwapani.

Msichana: Shikamooni, wazee. Naitwa Rosalia, karani wa kampuni. Ndiyo nyumba ya Bi Mwanasaumu hii, mjane?

Korti: Marahaba, mwanangu. Ndiyo yenyewe. Karibu kahawa.

Rosalia: Ahsante. Nyinyi ndio majirani?

Rediyo: Majirani, marafiki wa marehemu, ndugu hasa.

Rosalia akautazama ukuta, akaandika. Akalitazama jamvi, akaandika. Korti akamkazia macho kalamu yake, akitafuta waya.

Rosalia: Ukuta ulianguka lini?

Obeid: Kama miezi miwili na nusu.

Rosalia: Na nyinyi hukaa hapa siku gani?

Korti: Kila siku! Hatujakosa hata moja.

Alilisema kwa fahari, masikini. Rosalia aliinua uso, akatutazama bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujaza nafasi iliyobaki katika fomu yake.

Rosalia: Mnangoja nini, basi?

Korti akafungua kinywa. Mahakama nzima ilikuwa mle ndani na haikutoka neno. Rediyo akashika shughuli ya kukunja kanzu yake. Mimi nilizitafuta rupia zangu za kutani, sikuziona. Masha aliinamia karatasi yake. Nilijua ukuta wetu unatuponyoka kwenda Mtopanga.

Jamvi likatikisika kidogo.

Bi Mwanasaumu: Andika, mwanangu, wamngoja Mwidani aanze.

Rosalia akaandika kwa uangalifu, akitamka taratibu.

Rosalia: Bwana... Mwidani. Na yeye apatikana wapi, nikamwone leo kabla ya feri?

Nyuma ya jamvi tukasikia Bi Mwanasaumu akicheka, mara ya kwanza tangu matanga, kicheko cha mtu asiyeweza kujizuia, na kilipofika katikati kikageuka kuwa kilio. Hapo aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

Korti aliweka kikombe chini, akavua viatu, akakunja shuka mpaka magotini. Akauliza udongo mzuri wachimbwa wapi siku hizi, na alipoona hatujainuka akaanza kututukana mmoja mmoja, kwa majina ya baba zetu.