Mama Viti na Ndege za Ghorofa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika shirika letu la ndege, Mkuu wa Kitengo cha Makadirio ya Soko anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi tunamwita Mama Viti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtajia ndege mpya bila kuulizwa ina viti vingapi na nani atavikalia.

Aliajiriwa akiwa karani wa tiketi, kaunta namba tatu. Abiria akikata tiketi, yeye humuuliza anakwenda kumwona nani. Msimamizi alimwonya kwamba foleni inarefuka. Akapunguza maneno, ila kuuliza hakuacha. Miaka sita baadaye alipandishwa kwenda chumba cha makadirio, ambako kazi yetu ni kukisia watu wangapi watasafiri miaka ishirini ijayo, na kwa ndege za ukubwa gani.

Kisha ikaja habari ya ndege za ghorofa, zenye viti juu na chini. Uongozi ulitaka nne, kila moja ya abiria zaidi ya mia tano. Hoja ilikuwa nyepesi: watu wanaongezeka, basi na ndege zikue. Watano wa kitengo tuliombwa kusaini ripoti. Wanne tulisaini, mwandishi wa makala haya akiwamo. Mama Viti alirudisha karatasi yake tupu. "Kuongezeka wanaongezeka," alisema kwa sauti yake ya kila siku. "Ila sijaona kwamba wote wanakwenda mahali pamoja, saa ileile."

Wiki iliyofuata alihamishiwa ofisi ya mizigo iliyopotea. Hakuna aliyeiita adhabu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sisi wenzake tulinyamaza, jambo tusilojivunia.

Kule chini hakununa. Ndege mbili za kwanza zilipowasili, mabegi yalimiminika, kila moja na kibandiko kinachoonyesha safari nzima ya mwenyewe. Akaanza kuvinakili kwenye daftari. Kwa miaka miwili alinakili zaidi ya elfu tisa, na jibu likajitokeza lenyewe: abiria sita kati ya kumi hawakuwa wakienda kule ndege ilikotua. Walishuka, wakasubiri saa nne au tano, wakapanda nyingine. Siku mashirika mengine yalipoanza kuwapeleka moja kwa moja kwa ndege za ukubwa wa kiasi, hao ndio waliokuwa wa kwanza kutukimbia.

Mkurugenzi mpya alilisoma daftari lile asubuhi nzima, kisha akashuka mwenyewe hadi ofisi ya mizigo. Ndege mbili zilizobaki hazikununuliwa, na Mama Viti akarudi kitengoni akiwa mkuu wetu. Tulimngoja roho mkononi. Aliingia, akafungua dirisha, akauliza nani amechukua kiti chake. Ripoti ile hakuitaja hata siku moja.

Asidhaniwe kuwa alizichukia ndege kubwa. Njia yetu moja ilijaa abiria miaka yote, naye ndiye aliyeitetea mpaka ndege zenyewe zilipochoka. Mwezi uliopita bodi ilimuuliza kama majitu hayo yatarudi sokoni. Alijibu kwamba pale kiwanja kinaposhindwa kuongeza njia ya kurukia huku abiria wakizidi kufurika, huenda; kwingineko haoni. Alipobanwa ataje mwaka, alisema, "Hapo sijui," akaketi. Mumewe, fundi seremala, anasema hata nyumbani ndivyo: akiulizwa wageni wangapi watakuja Jumapili, hutoa idadi ya chini na ya juu.

Juzi mwandishi huyu alikwenda kumwomba radhi kwa kunyamaza kule. Mama Viti alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba miaka miwili ya mizigo ndiyo iliyomfundisha kazi, kisha akasema, "Lakini nilikungoja uje."

Julai, yeye na mumewe wanasafiri kwenda kwa binti yao mkubwa, kumbeba mjukuu ambaye mpaka sasa wanamjua kwa picha.

Asante, dada, kwa hesabu zako na kwa uvumilivu wako kwetu. Tunakuombea afya, utulivu, na siku nyingi za furaha na wajukuu.