Bwana Hewa, Mwalimu wa Shabaha za Mbali (1956–2024)

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa nne wa fundi saa na mkunga. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, na mwaka 1975 akamaliza sekondari akiwa wa kwanza kwa hisabati.

Mwaka uliofuata alijiunga na jeshi, akawa mwalimu wa shabaha za mbali. Wanafunzi walimpachika jina la Bwana Hewa, kwa kuwa hakuna aliyegusa bunduki kabla ya kusoma kipimo cha mgandamizo wa hewa na kukiandika.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 12 Desemba 1981. Walipohamishiwa kambi ya milimani mwaka 1990, mama alilalamika kuwa maharage hayaivi. Baba akamweleza kuwa huko juu hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mama akamjibu, "Mimi nimekuelewa. Sasa kawaeleze wakubwa zako."

Alikuwa ameshawaeleza. Katika hewa nyepesi risasi haichoki upesi, hivyo jedwali la kulengea lililotungwa kwa ajili ya tambarare huipitisha juu ya shabaha. Alipiga hesabu upya, akaziwasilisha. Akaambiwa asubiri idhini, na mazoezi yaendelee kwa jedwali la zamani.

Tarehe 14 Agosti 1991, kwa umbali wa mita elfu moja, alitoa amri ya kupiga. Risasi iliruka tuta la udongo, ikampata mjomba wetu, kaka yake mama, aliyekuwa nyuma ya tuta akitengeneza vibao vya shabaha. Alifariki pale pale.

Mama alimuuliza swali moja tu: "Ulijua?"

"Nilijua," baba akasema. "Na nikasema piga."

Mama ameridhia hili lisomwe. Waliishi pamoja miaka thelathini na miwili zaidi, wakila meza moja, na jina la mjomba halikutajwa tena nyumbani.

Kila Januari baba alituma hesabu zake makao makuu, hata baada ya kustaafu mwaka 2006. Hakujibiwa hata mara moja. Kwa tunavyosikia, jedwali ni lile lile.

Mwaka 2019 kiharusi kilimnyang'anya usemi na mkono wa kulia. Alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Hatukuweza kuzisoma tarakimu zake, naye aliona kwamba hatuwezi.

Alifariki hospitalini tarehe 3 Februari 2024, saa tisa alasiri. Mama alikuwa kando ya kitanda. Tulidhani angemwambia neno. Hakusema.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mke wa marehemu mjomba, ambaye hakuweza kuwa nasi leo.

Alipate sasa pumziko ambalo sisi wa nyumbani hatukuweza kumpa.